Ngome Iliyogawanywa Hadi Jikoni

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo mpaka leo nikikaa peke yangu hunijia, na siku hizi nakaa peke yangu sana. Ilikuwa miaka ile wakimbizi wakivuka ziwa kutoka Burundi, wengine wanashuka Kigoma hata kandambili hawana. Katika hao alikuwamo Consolata. Nilimuoa. Watu wa Rusimbi, mtaa wetu, walisema sana, waache, wengi wao wameshakufa.

Aliyeniumiza ni pacha wangu, Bukuru. Yeye ndiye mkubwa, mimi Butoyi, kama desturi yetu inavyotuita. Baba alikwisha kufa, tukawa tunaishi nyumba moja na Mama. Bukuru hakugusa chakula alichopika mke wangu. Akanunua samaki wake, mgebuka wa ziwani, akachoma mwenyewe nje kama msafiri. Siku moja akaniambia, "Wewe si fundi seremala? Piga ukuta wa mbao katikati ya nyumba. Kaa huko na mkimbizi wako."

Nami nilikuwa na hasira, nikakubali. Nilifanya kazi karakana ya misheni, basi nikamwendea Padri kuomba mbao. Alikuwa Mjerumani, mzee, mguu mmoja mbovu, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Mimi darasa la tatu liliniacha njiani, sikuachana nalo kwa heri.

Padri akaniuliza mbao za nini. Nikamwambia. Akaketi juu ya benchi langu la kazi, akaanza kunisimulia habari za kwao, nami nikijua leo sitarudi mapema.

Kwao palikuwa na nchi ndogo kati ya msitu na mto, zamani sana, enzi za panga na farasi. Mtawala wake kwa Kijerumani aliitwa Graf, nikaelewa ni kama mwami wetu wa huku Buha. Kwa majirani zao, kifungua mimba ndiye aliyerithi kila kitu. Lakini ukoo wa mtawala huyo ulikuwa na desturi ya kumpa kila mtoto wa kiume kipande. Baba akifa, wanagawana vijiji. Wakifa hao, watoto wao wanagawana tena, mpaka ikabaki ngome yenyewe, nyumba ya mawe walimozaliwa wote. Wakaigawa. Huyu mnara, yule kisima, jiko wakalikata kwa mstari. Waliapa kutopigana ndani ya lango, basi wakawa hawapigani wala hawasemeshani. Mmoja akauza kipande chake kwa askofu, mwingine kwa mtawala wa nchi jirani. Wa mwisho hakuwa na mtoto. Walipomzika, ngao yenye alama ya ukoo waliigeuza kichwa chini wakaitia kaburini pamoja naye. Ndiyo ilikuwa dalili kwamba jina limekwisha.

"Padri," nikasema, "hao walikuwa matajiri. Sisi tuna vyumba vitatu."

Akacheka kidogo. "Mimi na kaka yangu tuligombea shamba la majani ya ng'ombe. Alikufa vitani hatujasemezana. Sasa nimebaki mimi, na mimi ni padri. Mbao chukua. Ila kabla hujapiga msumari, amua mama yako atakuwa upande wa nani."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Chumba cha Mama ndicho cha katikati.

Nikazifunga mbao kwenye baiskeli, nikafika nyumbani, nikazishusha uani. Bukuru akatoka na kamba ya kupimia.

"Mama awe upande gani?" nikamuuliza.

"Wangu. Mimi ndiye mkubwa."

"Umenitangulia kwa muda wa kuchemsha uji tu."

"Hata uji una wa kwanza kunywa."

Mama alikuwa mlangoni anachambua dagaa. Hakuinua uso. "Gaweni," akasema. "Mimi nitakwenda kulala kwa wakimbizi kambini. Huko hawajapata kuta za kutosha za kugombana."

Bukuru akakaa juu ya mbao. Alikaa sana, mpaka Consolata akapakua ugali, akamwekea Mama, akaniwekea mimi, akasimama hajui afanyeje. Ndipo ndugu yangu akasema, bila kumtazama, "Shemeji, nipe maji ya kunawa."

Ukuta haukupigwa. Leo Mama hayupo, Consolata hayupo, Bukuru naye alitangulia tena, kama kawaida yake. Vyumba vyote vitatu ni vyangu na sina wa kugombana naye.

Basi shika hili, mwanangu. Mkitaka kugawana, gawaneni mashamba na michikichi, lakini msigawane sahani. Ukiwa na kinyongo na ndugu yako, kaa karibu naye mpaka mmoja wenu aombe maji ya kunawa, na asipoomba yeye, omba wewe. Mungu akupe nyumba yenye kelele, akupe ndugu wa kubishana naye mpaka uzeeni, na uwaonee huruma waliovuka maji.