Dawa Iliyopotea Begani mwa Baba

Mama yangu, Anisia, hakuwa daktari, na aliyemwita hivyo alipata jibu lake hapo hapo. Alistaafu kazi ya kuchanganya dawa katika zahanati moja ya Ushirombo, akahamia Ngokolo, Shinyanga, na kinu chake kidogo cha kauri. Ole wake mtoto aliyekigusa.

Baba, Herman, ndiye aliyemrudisha kazini. Miaka sita ya kuvuta mawe kwa kamba kwenye mashimo ya dhahabu Geita ilimwachia bega lisilopanda. Vidonge hakuviweza, tumbo lilikuwa na vidonda. Kilichomuuma zaidi ni ngoma ya kwaya aliyoipiga tangu ujana. Mwaka 1994 alimwachia mwingine, akawa anakaa benchi la nyuma kanisani, amenuna. Mama hakuvumilia kumwona hivyo.

"Tumbo likikataa, tutapitia kwenye ngozi," alisema.

Alinunua mafuta ya mkaratusi dukani kwa Velji. Matupu yalimwasha Baba mpaka akapiga kelele. Akayachanganya na mafuta ya pamba na maji. Kufika jioni mafuta yako juu, maji chini. Ndipo akakumbuka gundi ya mgunga waliyotumia zahanati kushikanisha mafuta na maji. Aliisaga, akaitia kwenye mafuta, kisha maji tone kwa tone, akisugua bila kupumzika. Haba na haba hujaza kibaba. Mkono ulichoka, lakini kinuni kikapatikana kitu cheupe kama maziwa, na kesho yake kilikuwa hakijaachana.

Kila asubuhi alimpaka Baba. Ngozi ikainywa dawa yote, bila mng'aro wala muwasho. Kwa Baba hilo lilikuwa kosa kubwa: kwetu aliyepakwa dawa sharti ang'ae, na isiyowasha si dawa.

"Mama Esta, umenipaka maji!"

"Imeingia ndani, Baba Esta. Ndiyo kazi yake."

Alilalamika wiki tatu nzima. Nakiri nilikuwa upande wake, maana hata mimi sikuona kitu.

Jumapili moja kabla ya misa, jirani yetu Mageni alipita kutujulia hali. Baba alikuwa anatafuta shahidi kwa udi na uvumba. Akavua shati, akanyoosha mkono juu ili bega lote lionekane, kiganja kikagusa boriti ya kibaraza.

"Tazama mwenyewe, Mageni! Dawa iko wapi hapa?"

Mageni akaonyesha boriti kwa kidole. Baba akautazama mkono wake kule juu, akaigonga boriti kwa vidole.

Mama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Haya, vaa shati," alimwambia. "Utachelewa ngomani."