Nadezhda, Maana Yake Tumaini

Nilikuwa na miaka kama minane, nyumbani kwetu Bagamoyo, baba alipompangisha ghorofa ya juu mwanamke wa Kirusi. Mumewe alikuwa amekwenda bara kununua pembe za ndovu, akamwacha na binti yao, rika langu. Walikuwa wamekaa Unguja kwanza, kwa hiyo Kiswahili walikijua.

Binti aliitwa Nadezhda. Ndimi zetu zilishindwa. Tukasema Nadeja, naye akaitika. Kila alasiri nilisimama uani nikaliita jina hilo kwa sauti, naye akashuka ngazi mbio, viatu mkononi.

Siku moja bibi yangu, mzaa baba, alikuwa akimsuka Nadeja nywele zake nyepesi zilizokuwa zikimponyoka vidoleni. Akamwuliza mama mtu, "Mwanangu, jina hili lina maana, au ni sauti tu?"

"Lina maana, mama. Ni tumaini."

Akaeleza kwamba dini yao ililetwa na Wagiriki, na majina mengi yakabaki ya Kigiriki, watu wakiyataja bila kuyaelewa. Lakini palikuwa na mabinti watatu, ndugu, waliouawa kwa ajili ya dini mbele ya mama yao: Imani, Tumaini na Upendo. Hayo matatu yaligeuzwa kwa lugha yao, ili kila ayasikiaye ajue yanasema nini.

"Na mama yao?"

"Aliwazika. Akakaa pale kaburini mpaka naye akafa."

Bibi aliacha kusuka. "Mimi nimezika wanne," alisema. "Nisingethubutu kumpa mtoto jina hilo."

"Nilimpa la tumaini, mama. Sikumpa la kaburi."

Masika yalipoingia, homa ilimshika yule mtoto. Padri wa misheni alileta dawa, bibi akamnywesha kombe, maji ya aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa, na mama yake hakumkataza yeyote. Alfajiri ya Ijumaa tulisikia kilio juu. Alizikwa kwenye makaburi ya Wakristo, na bibi, ambaye hakuwa na desturi ya kufuata jeneza, alijitanda akaenda.

Baadaye mwanamke yule alinijia uani. "Niitie," alisema.

"Nani?"

"Kama ulivyokuwa ukimwita."

Nikaita. Yeye alikuwa amepanda, kasimama juu ya ngazi, macho kayafumba. Kesho yake akaniomba tena, na siku nyingine, hata mama yangu akatoka jikoni akanishika mkono. "Nyamaza! Aliyekufa haitwi."

"Mwache," bibi alisema. "Aliyefiwa ndiye ajuaye linalomtuliza."

Msafara wa bara uliporudi, mume wa mwanamke yule alikuja moja kwa moja kutoka njiani, miguu imejaa vumbi. Hakuna habari iliyokuwa imemfikia. Mkononi alikuwa na kigoda kidogo cha kuchongwa. Alisimama uani akacheka, akaita, "Nadya! Nadya!", kifupi cha kumdekeza.

Mkewe alishuka taratibu, peke yake. Mume akatazama nyuma yake, ngazi nzima, kisha akamtazama usoni.

Bibi alinivuta ndani akafunga mlango.

Waliondoka kwenda Unguja juma lile lile. Kigoda walikiacha, na mama alikikalia miaka mingi akichambua mchele.