Dirisha la Kioo Lililovunja Posa ya Mwanangu

Nitaeleza mwenyewe, kwa sababu Mji wa Kale mzima washaeleza na kila mmoja atia chumvi yake. Mimi ndiye yule mzee aliyetazamwa kama sinema akiwa ndani ya nyumba yake, na aibu ile haijanitoka hata leo ninapoandika.

Skuli niliishia darasa la tatu. Nimeokota vyuma Kibarani enzi zile jaa liko pale, nikanunua, nikauza, mpaka nikapata nyumba ya mawe hapa mjini, nyumba ambayo waliozaliwa ndani yake walishindwa kuitunza (nasema kweli, atakayekasirika akasirike). Kwa hivyo mtu akinambia habari za chuma humsikiliza kwa sikio moja.

Binti yangu Salma akapata mchumba, kijana mwalimu, mtoto wa Mzee Twaha, watu wa ukoo mkongwe, nyumba imejaa vitabu mpaka ngazini. Mzee Twaha mwenyewe hutembea kwa bakora na huvuta mguu. Posa ikapangwa Alhamisi, baada ya swala ya alasiri. Mimi nikalitazama dirisha la sebuleni, lile la upande wa uchochoroni, mbao tupu na vibao vya kupitisha upepo, nikaona watu hawa watanidharau. Nikaenda Makupa kwa Mutua, fundi wa alumini, nikachagua fremu nyeusi na kioo kipana kile cha kujitazama, ambacho ukisimama nje wajiona wewe na wa ndani humwoni. Nilisimama juani mbele ya duka lake nikajiona mzima, kofia mpaka viatu, nikapenda.

Siku ya kulitia, Mutua akasimama uchochoroni akatazama juu, akatikisa kichwa.

"Mzee, kioo hiki chataka jua. Hapa nyumba zimekaribiana, jua halifiki. Ukiwasha taa ndani mambo yatageuka, wa nje ndiye atakuona. Weka pazia."

"Mutua, mimi nimeuza chuma hujazaliwa."

"Chuma sawa, mzee. Hiki ni kioo."

Nikamwambia afunge midomo afunge skrubu. Mama Salma naye akaja na lake, "Baba Salma, tuweke japo pazia la siku hiyo," nikamjibu mtu hanunui kioo kisha akakivisha nguo. Basi. Jambo lenyewe ndilo hilo, pazia, kitambaa cha yadi tatu, na mimi nikakataa.

Alhamisi ikafika. Halwa iko mezani, kahawa iko kwenye birika, wanawake wako juu wanavaa, na mimi niko sebuleni na joho langu, taa zote nne nimewasha kwa sababu uchochoro wetu una kiza hata saa kumi ya mchana. Kioo kikanionyesha mimi mwenyewe (nikadhani ndio uzuri wake, mtu hujiona pande zote mbili), nikaanza kufanya mazoezi, maana Mzee Twaha husema maneno ya vitabuni na mimi nilichelea kupwaya. "Karibu mkwe wangu, nyumba ni yako." Nikasema mara ya kwanza, mara ya pili, kisha nikataka kuona yeye ataingiaje. Nikachukua ufagio ukawa bakora. Nikainua kidevu, nikakunja pua kama mtu aliyenusa jaa, nikavuta mguu kutoka mlangoni mpaka kwenye kochi. Nikarudia, mguu nikauvuta zaidi, nikaketi kwa kuguna, nikacheka peke yangu. Sitawaficha, ndani ya mguu ule mlikuwa na miaka yangu yote ya kupewa mkono wa salamu kwa ncha za vidole.

Nikasikia hodi. Nikautupa ufagio kwenye kochi, nikafungua mlango, nikatoka uchochoroni kuwapokea.

Wanaume watano wa kanzu, sinia lao limefunikwa, kijana yuko katikati ametazama chini. Barazani ng'ambo, muuza kahawa ameshika kikombe hewani kama aliyesahau cha kufanya nacho.

"Karibuni, karibuni, mbona mwasimama?"

Mzee Twaha akatoa salamu, kamili, kwa adabu zake zote. "Tulifika mapema kidogo," akasema. "Tukaona tusikuharakishe. Tukangoja hapa dirishani."

Nikageukia dirisha. Kutoka nje niliiona sebule yangu yang'aa kama duka la dhahabu, halwa, birika, ufagio umelala kwenye kochi, na saa ile ile Mama Salma akashuka, kichwa wazi, hana buibui hana leso, akaja mpaka kwenye kioo akawa ajitengeneza nywele, uso wake na wetu umbali wa shubiri. Wale wanaume wakainamisha vichwa kwa pamoja. Mimi nikatandaza joho nikinge, na joho halikutosha, maana dirisha nililiagiza pana. Nikagonga kioo kwa ngumi, akaruka, akakimbilia juu.

Mzee Twaha alingoja nyayo zinyamaze.

"Baba Salma, mguu wangu mbovu ni wa kushoto," akasema taratibu. "Wewe ulivuta wa kulia. Tutazungumza siku nyingine, inshallah."

Wakaondoka na sinia lao. Muuza kahawa akanywa ile kahawa mwenyewe.

Siku nyingine haikuja. Nilikwenda kuomba radhi, akanipa kahawa, akanisamehe kwa moyo safi, akasema kijana ni mtu mzima, ameachiwa shauri lake. Kijana hapigi simu tena. Mama Salma hashuki sebuleni, wageni wake wapanda ngazi. Mimi nimeapa sitamwiga kiumbe wa Mungu, hata nikiwa peke yangu ndani ya chumba kisicho na tundu, lakini kiapo changu chamfaa nani sasa.

Salma hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alisema neno moja, "Baba, walikuja kunitaka mimi, si dirisha," kisha akafungua sanduku, akatoa leso mpya alizonunuliwa za harusi, akazitundika kwenye kioo. Ziko pale mpaka leo. Kila nikiingia naziona, na siwezi kumwambia azitoe, kwa sababu hana pa kuzivaa.