Jumapili Tuliyokosa Ubatizo

Mwanangu, ipo Jumapili moja ambayo hata leo sijaisahau. Nilikuwa kijana, baba wa mtoto mmoja, tunaishi na mama yangu mtaa wa Lizaboni. Siku hiyo mtoto wetu alikuwa anabatizwa. Mke wangu amembeba kwa kitenge kipya, wazazi wa ubatizo wanatungoja kanisani, na tumeshachelewa.

Tulipopita kwa jirani yetu, Baba Leonida, tulimkuta mke wake amesimama mlangoni bila viatu. Alimwamkia mama shikamoo, kisha akaomba tumsaidie kumtafuta mumewe. Miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yakifungwa na kuuzwa, na Baba Leonida alikuwa amepunguzwa kazi kwenye ghala la tumbaku alikofanya kazi tangu ujana wake. Tangu hapo haongei, halali, chakula anakigusagusa tu. Sisi majirani tulikuwa tukimwambia ajikaze, Mungu yupo, halafu tunaendelea na shughuli zetu. Asubuhi ile, mke wake alitueleza, aliwaita watoto mmoja mmoja akawaambia wamtii mama yao, akavua saa yake akaiacha mezani, akatoka.

Mama alimgeukia mke wangu. "Wewe nenda. Mtoto ana Padre, ana wazazi wa ubatizo, ana kanisa zima. Huyu baba hana mtu." Mimi akaniambia nifuatane naye.

Mke wangu alisema kwa uchungu kwamba mtoto hubatizwa mara moja tu. Alikuwa na haki, wala mama hakubishana naye. Alimbusu mjukuu wake kwenye paji la uso, akaanza kutembea; mke wangu akaenda kanisani na mtoto.

Tulipita mtaa wa Msamala tukiuliza kila tuliyekutana naye. Kila kichaka niliogopa kukitazama, na nisipokitazama niliogopa zaidi. Mama alisali kwa sauti ya chini, maneno yakikatika kwa kuhema. Muuza mkaa mmoja akatuambia amemwona mtu kama huyo akishika njia ya Mpitimbi.

Tulimkuta nje kabisa ya mji, amekaa ukingoni mwa korongo, miguu inaning'inia. Nilitaka kumwita, mama akanishika mkono. Alimwendea taratibu, akaketi karibu naye kwenye udongo uliolowa, na nguo zake za Misa. Hakumuuliza kitu. Walikaa hivyo muda mrefu, mimi nimesimama nyuma yao.

Mwishowe Baba Leonida akasema, "Mama, sina la kuwaambia wanangu."

"Basi leo usiwaambie kitu," mama akajibu. "Nisaidie kuinuka, magoti yangu haya mabovu. Leo tumebatiza, nataka ukale kwangu."

Baba Leonida akaivuta miguu yake kutoka ukingoni. Kisha akasimama, akampa mkono, akamwinua.

Usidhani mambo yaliishia hapo. Mama alimpeleka hospitali, akampeleka kwa Padre, na kwa miezi mingi Baba Leonida alikuja kwetu jioni kunywa togwa. Mke wake aliendelea kushtuka kila alipochelewa kurudi, na mimi pia. Polepole Baba Leonida alianza kulima mahindi, akaanza kucheka. Leonida alipofunga ndoa, baba yake ndiye aliyemsindikiza kanisani.

Kwa hiyo, mwanangu, nakusihi. Ukimwona mtu ameumia, usimwambie utamwombea kisha ukaharakisha kwenda kusali. Simama. Kaa naye hata kama huna la kusema, maana mara nyingi hutakuwa nalo. Usimfanye ajione mzigo. Mwombe naye akusaidie jambo. Na kesho yake urudi. Utaogopa, hata mama aliogopa, niliusikia mkono wake ukiwa baridi. Kristo hakutuambia tusubiri mpaka hofu iishe ndipo tupende.

Mungu akupe macho ya kumwona jirani yako kabla hujampita, akupe na miguu ya kugeuka. Na siku utakayoumia wewe, asikose mtu wa kuja kuketi kando yako. Amina.