Niliambiwa Nianze Kusimama, Wenzangu Watanifuata

Admin, naomba unifichie jina. Mie ni bibi wa miaka sabini na mbili, mjane, naishi Bunju. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Elimu yangu ya chuo ilikatika njiani. Nyingine nimejisomea kwenye magazeti yaliyofungiwa vitumbua, ndiyo maana habari nyingi nazijua bila mwisho wake.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa nasomea ualimu kule upande wa Temeke. Nilikuwa mrefu, na chuo chetu kilipenda mpira wa kikapu kuliko mahindi ya shamba la chuo, ingawa hilo halikusemwa hadharani. Shoga yangu wa bweni moja na timu moja nitamwita Rukia. Tulikula sahani moja na gauni zuri tulikuwa nalo moja, mwenye zamu ndiye anayetoka Jumapili.

Ilipofika fainali, mwenzetu mmoja, Anastazia, akaugua. Mkuu wa chuo na mwalimu wa michezo wakatuletea mamluki, dada wa kiwanda cha nguo, mkono akiunyoosha unakaribia kikapu. Tukaambiwa atacheza kwa jina la mgonjwa, na sie tunyamaze, maana heshima ya chuo ni heshima ya wote.

Kilichotuponza ni mshikamano. Mkuu huyohuyo, akitaka wanafunzi na wafanyakazi wawe kitu kimoja, alikuwa amekialika kiwanda kije kututazama. Wakaja lori zima, na ngoma juu. Dada kutumbukiza mpira wa kwanza tu, lori likalipuka: "Mwajuma wetu! Mwajuma wa kusokota nyuzi!" Mwamuzi akatazama karatasi yake, akamtazama dada. Kwenye karatasi alikuwapo Anastazia.

Kombe likaenda kwa wapinzani, nasi tukaachiwa kesi tuimalize nyumbani. Enzi zile kesi za chuo ziliishia barazani: wote mnakaa, mwenye kosa anasimama, anajikosoa mbele ya ndugu zake, anasamehewa. Mkuu akatuita kabla, akasema kwa upole kila mmoja aseme ukweli wake, na yeye atasema wake, yaishe. Bwenini tukakubaliana tusimame wote. Rukia akanishika mkono.

"Anza wewe, shoga. Wewe mrefu, utaonekana. Sie tutasimama nyuma yako."

Nikasimama. Nikasema, "Ndugu mwenyekiti, tulijua si mwanachuo, na tuliletewa." Halafu nikangoja kusikia viti vikisogea nyuma yangu. Nikageuka. Wenzangu wote wanatazama sakafu, na Rukia kainama, anafunga kamba za viatu.

Alikuwa amevaa ndala.

Mkuu naye hakusema ukweli wowote. Alinisifu sana kwa moyo wa kujikosoa, akasema mfano kama ule ni adimu. Wiki hiyohiyo nikafukuzwa kwa kosa la kuleta mamluki. Yaani mie, nisiyekuwa hata na baiskeli, ndiye niliyekwenda kiwandani kuchukua mtu. Rukia akapewa ukapteni. Aliyekuja nyumbani kunipa pole ni Mwajuma peke yake. Akanitafutia kazi kwao, nikasokota nyuzi mpaka kiwanda chenyewe kilipokufa. Watu wakiwalaani mamluki, mie huwa nakaa kimya.

Rukia alifika mbali. Leo yumo kwenye bodi ya chuo kilekile. Tumekuwa tukisalimiana misibani. Hakuwahi kuniomba radhi, nami sikuwahi kumuuliza, nikadhani limepita.

Sasa nina mjukuu, nimemlea tangu mama yake afariki. Anasoma chuo hicho na ni kapteni wa kikapu, urefu kautoa kwangu. Mwezi uliopita timu yao ilikamatwa na mamluki. Aliyemleta ni kocha, na wakubwa walijua. Bodi inakaa Jumamosi hii.

Juzi Rukia akapiga hodi kwangu, kabeba mchele. Tukaulizana habari za magoti na presha, kisha akaingia kwenye lililomleta. Akasema chuo hakitaki makubwa. Binti akianza yeye kusimama na kusema ukweli, wenzake watamfuata, watapewa onyo tu. Wakinyamaza, timu nzima inafukuzwa.

"Mwambie, shoga," akasema. "Wewe ulipitia, atakuelewa."

Nikamwambia chuo kikitaka kujisafisha kianzie juu. Aliyemleta mtu na waliojua waseme kwanza, ndipo watoto waulizwe.

"Basi anza wewe, Rukia," nikasema. "Mjukuu wangu atasimama nyuma yako."

Akaenda mlangoni, akainama kuvaa viatu. Safari hii vilikuwa na kamba kweli, akazifunga taratibu sana.

Kinachonitesa ni kwamba mjukuu wangu yuko tayari kusimama. Nimemlea hivyo, nikiona ni sifa. Anajua bibi yake alifukuzwa chuo kwa kusema ukweli. Sijawahi kumwambia kilichotokea nyuma yangu. Jana jioni akaniuliza, "Bibi, ulivyosimama siku ile, wenzako walifanyaje?"

Nikamwambia ngoja, wali unaungua. Hata jiko sikuwa nimeliwasha.

Nikimweleza, atakaa, timu nzima itafukuzwa, na nitakuwa nimemfundisha kutazama sakafu. Nisipomweleza, atasimama, ageuke, aone nilichokiona. Wanangu, msiniambie nimwachie Mungu, nimeshamwachia, sasa nataka na nyie mseme. Nimwambie asimame au akae? Nishaurini kabla ya Jumamosi.