Nilimkatia Baba Njia ya Pacha Wake

Nitukaneni tu, sitawajibu. Mimi si mtu wa kuomba radhi, Geita nzima wanajua. Lakini hili limenishinda, na sina wa kumwambia, ndiyo maana nawaandikia ninyi msiolijua jina langu.

Niliishia darasa la nne. Leo nina maduara matatu, mashimo ya kuchimbia dhahabu, na karasha langu mwenyewe la kusagia mawe, na wenye digrii wananiamkia. Sikusaidiwa na mtu! Nikitaka kitu nakipata. Ndivyo nilivyoamini.

Baba yangu aliitwa Doto. Kwetu Usukumani ukisema Doto, mtu anauliza palepale: Kulwa yuko wapi? Maana hao ni mapacha, hakuna Doto aliyekuja duniani peke yake. Maisha yake yote kule kijijini Shinyanga, baba alijibu neno moja: "Alikufa."

Uongo. Kulwa alikwenda Uganda akiwa kijana, kukata miwa, na huko akaingia jeshini. Vita ya Kagera ilipotokea, baba alichukuliwa kwenye mgambo akapelekwa mbele. Pacha mmoja huku, mwingine kule!

Hayo nimeyajua ukubwani, baba alipoanza kuugua. Aliniita akasema, "Ng'wanawane, watu wananiita shujaa. Mimi kila maiti ya askari wa Amin niliyoigeuza, niliigeuza nikiomba isiwe Kulwa. Sikumwona. Nitafutie, mwanangu. Kama yupo, mwambie Doto anamwita nyumbani."

Kazi ndogo hiyo kwangu! Kwenye mwalo wa Nkome, wanakoshushia samaki, namjua mama mmoja anayewauzia Waganda dagaa. Nikampa jina, akaenda nalo, na haikupita miezi mingi majibu yakaja: Kulwa yu hai, anaishi ng'ambo ya mpaka wa Mutukula. Binti yake yuko njiani.

Hapo ndipo shetani aliponi... hapana, nisimsingizie shetani. Ni mimi. Nilikuwa nagombea udiwani. Kila mkutano nilisimama nikajipiga kifua: "Mimi ni damu ya shujaa wa Kagera!" Vigelegele! Sasa wapinzani wakisikia baba yangu mkubwa alibeba bunduki ya Amin, si nimekwisha?

Binti alinikuta duarani asubuhi, wachimbaji wamejaa. Mwembamba, gauni refu, mfuko mkononi.

"Kaka, mimi ni Minza wa Kulwa."

Minza! Jina la bibi yetu, mama yao hao mapacha. Nilijua palepale kuwa ni damu yangu. Nikajikaza.

"Wewe ni Msukuma?" nikauliza kwa sauti, wasikie. "Haya, mwangaluka!"

Akaniamkia kwa Kiswahili. Salamu ambayo kila mtoto wa kwetu anaijua, yeye haijui.

"Bosi, Msukuma feki huyo!" mmoja akapiga kelele.

"Dada, umenunuliwa duka gani?" akadakia mwingine.

Wakacheka. Nikacheka nao.

Akafungua mfuko taratibu. Matobolwa! Viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwakatwa na kuanikwa, vilevile kama anavyoanika mama yangu. "Baba ndiye alitufundisha," akasema. "Kiswahili changu kidogo, kaka, samehe. Baba anataka kuja, ila anaogopa. Anasema mdogo wake aseme mwenyewe kama amemsamehe. Neno moja tu nimpelekee."

Neno moja tu! Na baba yuko kitandani Shinyanga, safari ya nusu siku, analingoja hilohilo. Nikamvuta binti pembeni nikamwambia, "Mzee kasema hana ndugu aliyebeba bunduki ya Amin."

Hakulia. Aliuliza, "Kasema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi mpe viazi vyake." Akaniachia mfuko akaondoka. Viazi vyenyewe wachimbaji walivila na chai.

Kwa baba nilikwenda Jumapili nikamwambia Kulwa ametafutwa kila mahali, hakupatikana. Akageukia ukutani. "Hata kaburi lake hukuliulizia?" Haikupita miezi miwili tukamzika. Na udiwani wenyewe nilipigwa chini vibaya!

Baada ya matanga nilishindwa kuvumilia, nikamwambia mama. Tangu siku hiyo hali chakula changu. Nikimpelekea nyama anawapa majirani. Alisema kitu kimoja tu: "Nenda kamlete Kulwa amwagie mwenzake udongo."

Nikaenda. Nimevuka Mutukula na gari langu, nikamkuta mzee amekaa barazani. Jamani! Baba yangu yule yule, hadi anavyokunja mguu! Nikapiga magoti, mimi nisiyempigia mtu magoti. Nikamwamkia, nikasema yote, Minza amesimama mlangoni anasikia.

"Doto amekufa?" akauliza.

"Amekufa, baba mkubwa."

Akauliza tena, "Amekufa, ndipo amenisamehe?"

"Hakuwahi kukukataa! Mimi ndiye niliyedanganya!"

Akanishika bega. "Mtoto mwema hubeba kosa la baba yake. Nimeiona heshima yako, kijana. Nenda salama."

Mnanielewa? Ananisifu! Nimeapa, nimelia, nimerudi mara tatu. Kila mara ananipa chai, ananipongeza kwa kumsitiri baba yangu, ananisindikiza hadi kwenye gari. Minza ananiamini, na anamwambia baba yake, naye anamjibu, "Ninyi watoto mna huruma." Nimedanganya siku moja nikaaminiwa na wote. Leo nasema kweli, ana kwa ana, hataki! Mwamba wa dhahabu nautoboa, moyo wa mzee mmoja umenishinda!

Ninyi mnaotumwa na wazee wenu, sikieni. Neno ulilopewa si lako. Usilipunguze, usilifiche, hata kama litakuaibisha mbele ya watu. Aibu nimeionja, inapita. Hili langu halipiti.

Baba mkubwa amechoka sasa, anakohoa, na udongo wa kaburi la pacha wake hajaugusa. Kulwa na Doto walitoka vitani hawajachukiana. Mimi, nisiyewahi kushika bunduki, ndiye niliyewatenganisha.