Kichwa cha Nguruwe Buchani

Mjomba wangu alikuwa na bucha mjini Embu, ukuta kwa ukuta na bucha ya Mkristo mmoja kutoka milima ya Meru. Kwa miaka mingi jirani huyo alimwita Mjomba amchinjie mbuzi, ili Waislamu nao wanunue kwake. Kisha akatafuta mchinjaji mwingine. Mjomba akanuna, hata chakula kikawa hakimshuki.

Asubuhi moja kufuli la Mjomba likakutwa limevunjwa, na kichwa cha nguruwe kimetupwa ndani, damu mpaka ukutani. Mjomba akaenda polisi akasema ni jirani, eti anauchukia Uislamu. Kufikia adhuhuri jirani alikuwa seli, na vijana wetu wanazunguka sokoni na mawe mikononi.

Mimi sikutulia. Nikikaa nasimama, nikafagia ua niliokwisha kuufagia. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemwona Mjomba akiingiza jikoni kwetu gogo lake la kukatia nyama, visu na mizani, jasho likimtiririka. Aliniambia bucha inapigwa dawa ya mende. Mwongo mwingine angeviacha vyombo vipate najisi, lakini yeye moyo haukumpa. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mjomba iliishia jikoni kwetu.

Nikamweleza Mama, dada yake. Alilitazama lile gogo, akavaa buibui, akanishika mkono. Kituoni askari alimsikiliza huku akikuna kidevu.

"Mama, unajua ukisema hivyo ni brother yako ataingia ndani? Kupeana ripoti ya uongo ni kesi. Anaweza pewa hata miaka tatu."

"Na hao vijana wakiua mtu sokoni," Mama akasema, "mtampa nani hiyo miaka?"

Jirani aliachiliwa siku hiyo hiyo. Mjomba alikiri kortini, akafungwa mwaka mmoja. Nilimkasirikia hakimu, nikamkasirikia Mjomba kwa upumbavu wake, na Mungu anisamehe, nikamkasirikia hata Mama.

Walipomtoa kumpeleka kwenye gari la magereza, Mama alijibanza nyuma ya watu. Mjomba alimtafuta kwa macho mpaka akampata. Nilidhani atamlaani.

"Dada," alisema, "watoto wangu waje wale kwako."

Mama akaanza kuwapenya watu amfikie. Alipofika mbele, mlango wa gari ulikuwa umeshafungwa.